Nimemkataza mwanangu kusema kama nyanya yake

*Assalaam aleykum Bi Rukia, na shikamoo.*

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Huu ni mwaka wa kumi na moja niko Uskoti, na miaka saba ya mwisho tunaishi Peterhead, mji wa wavuvi huku kaskazini-mashariki, juu kidogo ya Aberdeen. Mimi ni muuguzi. Mume wangu ni mwenyeji wa papa hapa. Alisilimu, tukaja kufunga ndoa nyumbani mbele ya wazee. Tuna mtoto mmoja wa kiume, Idrisa, ana miaka minane.

Watu wa huku wana usemi wao wanauita Kidoriki. Wengine watakwambia ni Kiingereza cha mashambani, wengine watakwambia si Kiingereza kabisa, ni Kiskoti. Mimi nilipofika sikujua hata kama kipo. Nilikuwa nimefanya ule mtihani wa Kiingereza wa wauguzi mara mbili ndipo nikaipata alama ya 7 wanayoitaka, nikajiona kimombo nimekimaliza. Wiki ya kwanza wodini mzee mmoja akaniambia "oxter" yake inamuuma sana. Nikatikisa kichwa kama nimeelewa, nikaenda kumwuliza mwenzangu kwa siri. Kumbe ni kwapa.

Mavyaa wangu ana miaka 74. Ndiye aliyenilelea Idrisa nilipokuwa zamu za usiku, na sijawahi kumlipa hata shilingi. Yeye hana usemi mwingine ila huo. Badala ya "what" anasema "fit", badala ya "where" anasema "far", kujua kwake ni "ken". Mtoto wa kiume anamwita "loon". Siku ya kwanza nilipomsikia akimwita mwanangu hivyo nilijifungia chooni nikalia, maana katika Kiingereza nilichosoma mimi "loon" ni mtu aliyerukwa na akili. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha ndipo akanieleza kwamba huko ni kusema "kijana" tu, na kwamba hata yeye mamake humwita hivyo mpaka leo.

Basi mwezi uliopita Idrisa kaja na daftari la shule lina duara nyekundu. Ameandika "I dinna ken fit wye", yaani sijui kwa nini. Mwalimu hakuwa mkali, aliandika tu pembeni kwamba katika maandishi tutumie Kiingereza sanifu. Lakini mimi niliona moto. Bi Rukia, mwanangu ni mweusi katika mji ambao weusi twajuana kwa majina. Mtoto wa jirani akiandika hivyo atasemwa ni mtoto wa mji. Wangu akiandika hivyo watasema mamake hajui Kiingereza.

Nikamwita, "Ndoo hapa." Nikamwambia kuanzia leo ndani ya nyumba hii sitaki kusikia "fit" wala "ken" wala "dinna". Nyanyake alikuwa jikoni akimenya viazi, akasikia yote. Akaweka kisu chini. Akasema, bila ya kupandisha sauti, kwamba shuleni walimchapa mkanda kwa maneno hayo, na hakudhani atakuja kukatazwa tena na mke wa mwanawe. Akavaa koti lake akaenda.

Ni wiki tatu sasa. Bado anamchukua mtoto shuleni, anamfikisha mlangoni, haingii. Nikitokeza mimi, wote wawili wanaacha kuteka, wananyamaza kama wezi.

Mume wangu hasaidii. Yeye mwenyewe akipigiwa simu ya kazi hubadilisha sauti, akawa kama msoma habari. Akishaikata tu, anarudi kwa usemi wa mamake. Nikimwambia basi mfunze mtoto hiyo sauti ya simu, anasema itakuja yenyewe.

Jumamosi iliyopita tulikuwa bandarini, mzee mmoja akamwuliza Idrisa katokea wapi. Akajibu, "Peterheid, min," yaani Peterhead, bwana. Yule mzee akacheka, akamwonyesha kaa ndani ya ndoo yake. Mimi nikabaki sijui nifurahi au nione haya.

Je, nimekosea? Nataka mwanangu asome, apate kazi, asije akachekwa Edinburgh au London. Na Kiswahili chake kitapenya wapi katikati ya haya yote?

*Mama Idrisa, Peterhead*

---

Wa aleykum salaam, na marahaba mwanangu.

Nianze na kisa kidogo cha hapa ofisini. Barua yako ilinifikia mhariri akiwa keshapiga mistari chini ya maneno mawili. Pale uliposema "Ndoo hapa" aliandika pembeni: "njoo?" Na pale mtoto na nyanyake "wanaacha kuteka" aliandika: "kuteka nini, maji?" Yeye ni mtu wa Nakuru, kijana mzuri, na kwake ndoo ni ile aliyokuwa nayo mzee wa kaa. Nikamwomba ayaache yapite kama ulivyoyaandika, kwa sababu jibu langu limo ndani ya maneno hayo mawili.

Wewe, mwanangu, ulimkataza mtoto usemi wa mtaani kwa usemi wa mtaani. Hukumwambia "njoo hapa" kama redio. Ulimwita kama mamako alivyokuita wewe Kibokoni, kwa Kimvita. Kwa hiyo Idrisa ana miaka minane na tayari ana lahaja mbili za bandari mbili, na wewe uliyempa moja ndiye unayemnyang'anya nyingine.

Nisikilize kwanza juu ya hilo neno "fit", maana nadhani unaliona kama "what" lililovunjika. Halikuvunjika. Tazama mpangilio wake: "what" ni "fit", "where" ni "far", "who" ni "fa", "when" ni "fan". Pale Kiingereza cha vitabu kinapoanza maneno ya kuuliza kwa sauti ile ya "wh", wao wanaanza kwa "f", na wanafuata kanuni hiyo bila kufundishwa na mtu. Sasa njoo kwetu. Macho ni mato. Mchele ni mtele. Mchanga ni mtanga. Kucheka ni kuteka. Pale sanifu inaposema "ch", Mvita inasema "t". Mtu asiyejua atasikia makosa manne, na anayejua atasikia kanuni moja. Mavyaa wako anaposema "far" hajakosea Kiingereza, kama nyanyako hakukosea Kiswahili aliposema "ndia".

Wala Kiskoti si mtoto mtukutu wa Kiingereza. Ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili vimetoka katika lugha ya kale ya Waangli waliovuka bahari wakahamia kisiwa kile, kimoja kikakulia kusini, kimoja kaskazini. Katika karne ya 15 na ya 16 Kiskoti ndicho kilichokuwa kikisemwa katika nyumba ya mfalme kule Edinburgh, na sheria za bunge lao ziliandikwa kwacho. Mwaka 1603 mfalme wao James wa Sita akarithi na kiti cha Uingereza, akahamia London. Mwaka 1707 bunge nalo likaunganishwa na la huko. Mfalme akiondoka, lugha yake hubaki na wavuvi.

Baada ya hapo wasomi wao wenyewe ndio walioanza kuona haya. David Hume, mwanafalsafa mkubwa wa Edinburgh, alikaa akaandika orodha ya maneno ya Kiskoti ili ayaepuke katika vitabu vyake. Watani wake wakasema alipokufa hakutubia madhambi yake, alitubia maneno yake ya Kiskoti. Sheria ya elimu ya 1872 ikawaingiza watoto wote shuleni, na darasani lugha ikawa moja. Mwaka 1946 ripoti ya idara ya elimu ya Uskoti ikasema waziwazi kwamba Kiskoti si lugha ya watu walioelimika popote pale. Piga hesabu, mwanangu. Mavyaa wako aliingia darasa la kwanza miaka kama kumi hivi baada ya ripoti hiyo. Huo mkanda aliokutajia haukuwa hadithi. Ulikuwa ukanda wa ngozi nzito uliokatwa ncha, na katika shule za serikali huko uliendelea kutumika mpaka miaka ya themanini. Aliyechapwa kwa kusema "ken" akafika miaka 74 na bado anasema "ken", huyo ana ukaidi wa kupendeza. Ningependa kukutana naye.

Sasa nikuambie langu, maana usidhani nakusema nikiwa nimekaa juu ya kiti kisafi.

Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, hapa hapa Mombasa. Kalamu nyekundu nilinunua kwa pakiti. Nilikuwa na mvulana mmoja wa darasa la saba, babake nahodha wa jahazi. Nikawapa insha: "Siku nitakayoikumbuka". Wenzake wote waliandika kuamka asubuhi jua likichomoza na ndege wakiimba, kama walivyokariri. Yeye aliandika jahazi la babake lilivyopwelewa nje ya Kilindini, mtanga ulivyokuwa ukionekana chini ya maji, mato ya babake yalivyokuwa mekundu kwa kukesha. Nilihisi chumvi midomoni nikiisoma. Kisha nikashika kalamu, nikazungushia maneno kumi na saba, nikampa alama 19 katika 40. Nilifanya hivyo kwa kumpenda. Mtihani wa taifa ulikuwa unakuja, na huko nani angemsamehe "mato"?

Alijifunza. Insha yake iliyofuata haikuwa na kosa hata moja. Jua lilichomoza na ndege wakaimba. Nikampa 34, na sikumbuki iliyokuwamo.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na nimeona kosa langu halikuwa kumfunza sanifu. Sanifu ilikuwa haki yake. Mombasa twapenda kulalamika kwamba mwaka 1928 wakubwa wa Kiingereza walikutana hapa hapa mjini kwetu, wakaamua Kiswahili cha vitabu kisimame juu ya Kiunguja, na Kimvita cha malenga wetu Muyaka bin Haji kikaachwa nje ya mlango wa nyumba yake. Ni kweli, na inauma. Lakini bila ya sanifu hiyo, safu hii isingesomwa Kigoma wala Bujumbura, wala kijana wangu wa Nakuru asingekuwa na kazi. Kosa langu ni kwamba sikumwambia yule mvulana neno lake ni neno. Nilizungusha duara tu. Ingenigharimu nini kuchora mstari katikati ya ubao, upande huu "mato, nyumbani na katika shairi", upande huu "macho, katika karatasi ya mtihani"? Dakika tano. Angeondoka na vyote viwili. Badala yake aliondoka akijua kwamba nyumbani kwao wanakosea.

Ndiyo maana nasema mwalimu wa Idrisa hakukukosea wewe wala mtoto. Alisema "katika maandishi". Hakusema katika nyumba hii. Mpaka uliovuka ni wa kwako.

Kuhusu ile hofu yako, ya kwamba mtoto mweusi hana nafasi ya kukosea, sitabishana nawe. Unaishi huko, mimi siishi. Na anayekuambia "itakuja yenyewe", hata akiwa mumeo, anasema hivyo kwa sababu kwake ilikuja yenyewe na hakuna aliyempima mara mbili. Mwambie hivyo, kwa upole au kwa ukali, utakavyoona. Idrisa anahitaji Kiingereza cha vitabu kilichonyooka kama uzi, na yeye ahakikishiwe, asiachiwe bahati. Lakini rudi kwenye hadithi yako ya bandarini. Mzee alimwuliza swali lile ambalo watoto wetu huulizwa kila siku ughaibuni, katokea wapi, na lina mwiba ndani yake hata likiulizwa kwa wema. Mtoto akajibu kwa maneno mawili, na swali likaisha. Hakuna Kiingereza cha London kingefanya kazi ile. Kingezaa swali la pili: "Ndiyo, lakini hasa katokea wapi?"

Wewe mwenyewe ukumbuke oxter. Ulikuwa na alama 7 mkononi na mgonjwa anaumwa, na kilichokosekana kati yenu ni neno moja la nyanya yake Idrisa. Nadhani leo unayajua mengi ya aina hiyo, na wazee wa wodini wanakupenda kwa ajili yake.

Ya kufanya, basi. Nunua daftari, si la shule. Ukurasa wa kushoto uwe wa nyanya, wa kulia wa mwalimu. Kila neno ambalo mtoto amezungushiwa duara liandikwe pande zote mbili, na Idrisa ndiye aandike. Mfanye awe mkalimani. Watoto wa miaka minane hupenda sana kuwa na ujuzi ambao mwalimu hana. Ukitaka kumjaribu, msomee sentensi ya kushoto aigeuze iwe ya kulia, kisha mrudishe. Huko Dundee, katika Chuo Kikuu cha Abertay, walipima watu wanaotumia usemi wa mji ule kila siku pamoja na Kiingereza sanifu, wakaona kuhama kwao kati ya hizo mbili kunafanana na kule kwa watu wa lugha mbili. Mumeo na sauti yake ya simu ni shahidi tosha, na yeye ndiye mwalimu wa kuhama. Asikwepe. Mwambie kila Jumapili nusu saa, amwonyeshe mtoto jinsi anavyogeuka. Afanye kama mchezo wa kuigiza, "sasa nampigia meneja, sasa nampigia mama". Ila umwonye asipitilize. Waskoti humcheka anayejikweza katika kusema, wanasema anaongea kama mkate wa bei, ule wa wenye nacho.

Nenda shuleni pia, lakini si kulalamika. Muulize mwalimu wana mpango gani na Kiskoti. Hawatakuona mgeni wa ajabu, maana mambo yamegeuka tangu enzi za mkanda. Mwaka 2001 Uingereza iliridhia mkataba wa Ulaya wa kulinda lugha za wachache, na Kiskoti kimo. Sensa ya 2011 iliuliza kwa mara ya kwanza nani anakisema, wakajitokeza zaidi ya milioni 1.5, na katika wilaya yenu ya Aberdeenshire walikuwa karibu nusu ya watu. Mwaka 2025 bunge la Edinburgh likapitisha sheria ya kukipa hadhi rasmi pamoja na Kigaeli. Tena kila Januari, inapokaribia tarehe 25, shule za huko huwakaririsha watoto mashairi ya Robert Burns kwa Kiskoti na kuwapa vyeti. Mwezi mmoja wanapewa vyeti kwa maneno hayo, miezi kumi na moja wanazungushiwa duara. Siwacheki. Nami nilikuwa nikiwafunza watoto beti za Muyaka kipindi cha pili na kuwakatia alama kwa maneno ya Muyaka kipindi cha tatu.

Sheria, hata hivyo, haifundishi mtoto kusema. Mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala za Wikipedia ya Kiskoti ziliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyekijua Kiskoti. Alikuwa akichukua Kiingereza na kukichezea tahajia. Miaka ilipita kabla ya kelele kupigwa. Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria marehemu Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyefariki 2017, ambaye maisha yake yote alikuwa akiketi na mabaharia na waundaji vyombo akiwauliza: hiki mnakiitaje, na hiki je? Huyo alijua lahaja huhifadhiwa na mdomo wa mtu mzee. Na ndiye anayetajwa kuwa alitupa neno "runinga", ambalo leo kila msoma habari wa Nairobi analitumia bila kujua shukrani ziende wapi. Wewe unao mdomo wa namna hiyo jikoni kwako. Yaani, ulikuwa nao mpaka wiki tatu zilizopita.

Kwa hiyo mavyaa. Hili lisingoje daftari. Usimtume mumeo, na usiandike ujumbe kwa simu. Nenda mwenyewe na mtoto, na usiende mikono mitupu. Nadhani mahamri ya Kibokoni hayana kosa popote duniani. Usimweleze juu ya kazi na London na hofu zako, hayo atayasikia siku nyingine. Mwombe radhi kwa kifupi, mbele ya Idrisa, kwa sababu mbele ya Idrisa ndipo ulipomvunjia heshima. Kisha umwombe akufundishe wewe. Nimesikia kwamba huko Aberdeen watu huamkiana kwa kuulizana hali ya njiwa, "foos yer doos?", na jibu lake ni "aye peckin", yaani wangali wanadonoa. Msalimie hivyo mlangoni. Utalitamka vibaya na atakuteka, na akishakuteka mambo yamekwisha nusu.

Najua pia unangoja nikutupie methali ya mwacha asili. Sikutupii. Asili ya mwanao ni ipi, Kibokoni au Peterhead? Kuhusu Kiswahili chake nakujibu kwa ufupi: wewe ndiwe Kiswahili chake. Mwite "ndoo", mwambie funga mato, mpikie wali wa mtele, naye atajua. Ila unapomsomea kitabu cha hadithi akakutana na "macho" na "njoo", usipite haraka. Simama umwambie, hivi ndivyo wanavyoandika, hivi ndivyo tunavyosema. Akishazoea kwa Kiswahili, kwa Kiingereza hataona ajabu. Lile daftari liongeze kurasa za nyuma kwa ajili hiyo.

Tena nina ombi langu mwenyewe. Nimesoma kwamba wavuvi wa pwani yenu, wakiwa baharini, hawakuthubutu kumtaja samaki salmoni kwa jina lake, wala nguruwe, wala kasisi. Waliona ni nuksi, na walikuwa na majina ya pembeni ya kuwaitia. Nyanya zetu nao hawakupenda sindano iazimwe usiku, kwa hiyo naelewa. Muulize mavyaa wako babake, au wavuvi aliowajua utotoni, walikuwa wakisemaje. Idrisa aandike. Kisha mniletee, na mhariri nimeshamwambia asiguse tahajia.